Uzi wa kuvulia: usiulize kilo, funga fundo kwanza

Kolekole yule nilimwona kwa macho yangu. Tulikuwa nje ya Kigamboni asubuhi, maji yametulia, samaki yuko karibu kabisa na ubavu wa boti. Mara uzi ukalegea mkononi. Nilipouvuta, ncha yake ilikuwa imejikunja kama mkia wa kinyonga.

Uzi uliokatwa na mwamba huwa na ncha iliyokwaruzika. Ukiona umejikunja hivyo, jua fundo liliteleza mpaka likaachia. Samaki hakukata kitu. Mimi ndiye niliyemfungulia.

Tangu nisimulie mkasa huo naulizwa kila siku ninunue uzi gani, na swali la kwanza ni lilelile: unabeba kilo ngapi? Kilo zimeandikwa kwenye kasha, soma mwenyewe. Rangi chagua uipendayo. Mimi nauliza moja tu: unashika fundo?

Namba moja kwangu ni Maxima Ultragreen, nailoni ya Mjerumani, na upendeleo wangu siufichi. Ni nene kuliko nailoni nyingi za kilo zilezile, kwa hiyo rili, lile gurudumu la kuzungushia uzi, inabeba mita chache. Sijali. Ukiilowesha kwa mate ukaikaza taratibu, mizunguko ya fundo inalala mmoja kando ya mwenzake na haibanduki. Mate si ushirikina: nailoni ikikazwa kavu inajisugua, inapata joto, inadhoofika palepale kwenye fundo. Shida ni kuipata. Yangu huletwa na shemeji akitoka Nairobi.

Ya pili ni uzi wa kusuka, Sufix 832: nyuzi 8, misuko 32 kwa inchi, ndiko jina lilikotoka. Ni mwembamba, hauvutiki, samaki akionja tu chambo unamsikia kidoleni. Ila unateleza kama bamia. Mizunguko mitano inayonitosha kwenye nailoni hapa ni mzaha, napiga minane. Na ukiufunga moja kwa moja kwenye rili tupu, utazungusha mkono mpaka jasho huku uzi wote unacheza kama bangili kwenye mkono mwembamba. Tanguliza mita chache za nailoni, kisha unga uzi wa kusuka hapo. Kwa kuunga nyuzi mbili wataalamu wanasifia fundo liitwalo FG, na kweli ni jembamba, linapita kwenye pete za fimbo bila kukwama. Kwenye boti inayoyumba, vidole vimejaa mafuta ya dagaa, mimi nafunga mafundo mawili ya yuni, kila uzi ukimzunguka mwenzake, yanatazamana, nayavuta yakutane, basi.

Uzi wa florokaboni wa Seaguar ni wa kipande cha mwisho, karibu na ndoana, maana hauonekani sana majini. Ni mgumu, fundo lake linataka subira. Kujaza rili nzima ni kuchoma hela.

Vile vibunda vya elfu mbili, elfu tatu? Tungieni shanga.

Sasa wauzaji. Uzi ulioniachisha kolekole niliununua Kariakoo sh. 45,000, kwa maneno ya "dada, hii orijino, Japani hii." Nyumbani nikaona hata jina kwenye kasha limekosewa herufi. Niliporudi, kijana akasema tatizo ni fundo langu. Haya, nipe kipande nifunge mbele yako. Akasema kasha halifunguliwi mpaka lilipiwe. Viatu tunavijaribu, tikiti maji tunakatiwa tuonje, uzi wa elfu arobaini na tano tunauziwa kwa imani!

Niliupeleka Feri kwa mzee mmoja mvuvi wa mshipi. Aling'ata ncha, akaulowesha, akafunga kitanzi kwenye kidole gumba, akavuta mara moja. Kikaachia. Akafunga tena, safari hii kwa mizunguko zaidi, akavuta. Kikaachia. Akanirudishia bila neno, akaendelea kufunga ndoana zake.