Chumba cha kupigia tarumbeta nyumbani: hela yangu ilipofaa na ilipopotea

Naanza na jambo ambalo lingeniokolea zaidi ya laki nne kama ningelijua mapema: sponji haizuii sauti kutoka chumbani. Nalisema mwanzoni kwa sababu ndicho kitu cha kwanza utakachouziwa ukiingia dukani na kusema unataka chumba kisichotoa kelele.

Napiga tarumbeta kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Bendi inakutana mara mbili kwa wiki, lakini mdomo wa mpiga tarumbeta haungoji siku hizo mbili. Usipoufanyisha kazi kila siku unalegea, na noti za juu ndizo za kwanza kukukimbia. Narudi kutoka kazini jioni, nikimaliza kula inakaribia saa tatu usiku, na ukuta wa jirani uko hatua nne kutoka dirishani kwangu. Jirani mwenyewe ni muuguzi, wiki nyingine anatoka usiku, wiki nyingine anaamka saa kumi alfajiri. Alinivumilia mwaka mzima. Siku alipokuja alikuja na mjumbe, wakakaa barazani, wala hakupandisha sauti.

"Baba Neema, muziki wako naupenda," alisema. "Ila siku hizi nikijilaza nausikia hata kama hujapiga."

Maneno yale yalinichoma kuliko kama angenigombeza. Nilimwomba anipe miezi mitatu.

Kizibo cha kuchomeka kwenye tarumbeta ili kupunguza sauti ninacho. Kinasaidia ukiwa safarini, lakini pumzi inapita kwa shida na noti zinasogea kidogo, kwa hiyo ukikizoea kila siku unajifunza tarumbeta nyingine. Nikaamua kugeuza stoo yangu ya futi 10 kwa 12 iwe chumba cha mazoezi.

Nilikwenda Kariakoo, muuzaji akanionyesha sponji za vilima vilima na kuniambia nikizibandika ukuta mzima hata bomu halitasikika nje. Nilinunua, nikabandika siku mbili. Kisha nikamweka rafiki yangu ndani apige, mimi nikasimama uani penye ukuta wa jirani na programu ya simu ya kupima kelele. Simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha kabla na baada inatosha. Kabla ya sponji ilikuwa desibeli 74. Baada ya sponji, 73. Nilirudi dukani, sikusikilizwa.

Jaribio ambalo ningelifanya palepale dukani ni hili: chukua kipande cha sponji, weka mdomoni, pulizia. Pumzi ikipita upande wa pili, sauti nayo itapita. Sponji kazi yake ni kunyonya mwangwi wa ndani ya chumba, na hata hapo ile nyembamba inashika sauti za juu tu. Noti ya chini kabisa ya tarumbeta yangu ina mawimbi ya urefu wa mita mbili na kitu, sponji ya sentimita mbili haiyagusi. Trei za mayai ni hadithi ileile, tena zinashika moto upesi, tafadhali usiziweke kwenye chumba chenye nyaya za umeme.

Sauti huzuiwa na vitu viwili: uzito, na kuziba kila upenyo. Ukuta mzito wa kuzuia desibeli 50, ukiuachia uwazi wa asilimia moja tu ya eneo lake, kinga inashuka hadi kama 20. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuzitazama kuta na kuanza kutafuta matundu.

Kuta zangu, matofali ya saruji ya inchi sita yenye lipu pande zote, hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa juu. Katika nyumba nyingi zetu ukuta wa chumba unaishia chini ya kenchi, halafu kinachofuata ni dari jepesi, na juu ya dari ni uwazi mmoja unaounganisha nyumba nzima. Sauti inapanda, inapita dari, inatembea chini ya bati, inateremkia chumbani kwa watoto au inatokea chini ya paa hadi kwa jirani. Ongeza dirisha la vioo vya kupandana na yale matundu ya hewa juu yake.

Fundi wangu tulielewana vizuri. Dirisha na matundu tuliyaziba kwa matofali, tukajaza udongo wa saruji kila kiungo na kupiga lipu ndani na nje. Dari la zamani tulilishusha. Badala yake tukalaza mbao za mbili kwa sita kutoka ukuta hadi ukuta, zisiguse kenchi hata moja, tukapigilia jipsamu tabaka mbili, viungo vya tabaka la pili visikutane na vya kwanza. Juu yake tukatandaza sufi ya mawe, ile wanayozungushia mabomba ya moto viwandani. Vaa glavu na barakoa, inawasha vibaya. Pembezoni kote, dari linapokutana na ukuta, tulijaza silikoni.

Mlango ulinisumbua kuliko vyote. Ulikuwa wa mninga, mzuri, lakini paneli zake za katikati ni nyembamba. Seremala aligandisha plaiwudi ya milimita 18 pande zote mbili, akaongeza bawaba ya nne kwa ajili ya uzito, akaweka kizingiti cha mbao chini na mpira kuzunguka fremu. Usiku nilizima taa ndani, nikamwambia asimame nje na tochi ayafuate maungio ya mlango polepole. Kona ya juu upande wa kitasa uliingia mstari wa mwanga mwembamba kama uzi. Alirudia mpira ule mara tatu mpaka giza likakamilika, na kila alipouziba zaidi nilisikia tofauti kwa sikio langu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni soketi. Ya stoo na ya chumba cha kulala zilikuwa mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja, na mke wangu ndiye aliyegundua kwamba tarumbeta inatokea humo. Tulihamisha moja, tukajaza tundu lote saruji.

Ukiziba hivyo, hewa nayo imekwisha. Chumba kama hicho Februari ya Dar ni tanuri, na kiyoyozi cha ukutani kinapoza hewa ileile, hakileti mpya. Tulitengeneza masanduku mawili ya plaiwudi, moja la kuingiza na moja la kutoa lenye feni ndogo, ndani yake hewa inapita kwa kona kona na kila kona tumebandika sponji. Hapo sponji zangu zilipata kazi yake halali. Zilizobaki ziko ukutani kwa ajili ya mwangwi, pamoja na godoro kuukuu nililosimamisha kwenye kona.

Matokeo: mahali palepale uani, tarumbeta ileile, simu inasoma 51. Kila desibeli 10 zinazopungua sikio linaona kama sauti imekuwa nusu, kwa hiyo si badiliko dogo. Jirani nilimuuliza baada ya wiki mbili. Aliniambia akiwa jikoni kwake bado anasikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu, lakini chumbani analala bila kuisikia tarumbeta yangu.

Gharama, ukiacha sponji, ilifika milioni 3 na laki 4 pamoja na kiyoyozi kilichotumika na ufundi. Mlango na kiyoyozi vilikula karibu nusu. Jipsamu, ambayo ndiyo iliyofanya kazi kubwa, ilikuwa ya bei ndogo.

Besi ndiyo iliyonishinda. Mpiga gitaa la besi wa bendi yetu alikuja na spika yake, na jirani alinitumia ujumbe kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza. Noti nzito zinatikisa sakafu na kuta zenyewe. Ili kuzizuia ningelazimika kujenga chumba kingine ndani ya hiki, kikae juu ya mpira, kisigusane na nyumba popote, na stoo ya futi 10 kwa 12 ingebaki kama kabati. Ngoma kubwa za miguu ni vivyo hivyo. Kwa tarumbeta, saksafoni, fidla na sauti ya kuimba, chumba hiki kinatosha, na mimi napiga kila usiku hadi saa nne na nusu.