Kompresa ya kupigia mchanga kazi ndogondogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwa rimu nne, geti la nyumba, fremu ya pikipiki au viti vya chuma unavyotaka kuving'oa kutu kabla ya praima, huna haja ya mtambo wa diseli wa kuburuzwa na gari. Ila kompresa ya kujazia matairi nayo haitafika mbali. Tairi hujaa ukapumzika, bunduki ya mchanga hula hewa muda wote ulioibonyeza.

Dukani utaonyeshwa HP (nguvu ya mota) na ukubwa wa tangi. Viweke kando kwanza, uulize lita ngapi za hewa zinatoka kwa dakika. Kwenye presha ya bar 6, nozeli (tundu la bunduki linalotoa hewa) ya mm 2 hula karibu lita 220 kwa dakika, ya mm 2.5 karibu 340, ya mm 3 karibu 490. Nozeli huliwa na mchanga: ya mm 2.5 ikishafikia mm 3 inataka hewa zaidi kwa asilimia 44, ndiyo maana kompresa iliyokuwa inatosha mwezi jana leo inaonekana imechoka. Kwa bunduki ya kunyonya (inayovuta mchanga kwa nguvu ya hewa inayopita ndani yake), kinachopangia matumizi ya hewa ni kitundu kidogo cha hewa kilichomo ndani, si mdomo wa mbele ambao huwa karibu mara mbili yake. Pima hicho cha ndani.

Vichwa vingi vya Kichina (kichwa ni sehemu yenye silinda inayobana hewa) vina maandishi yanayosema karibu kila kitu. V-0.25/8 maana yake mita za ujazo 0.25 (lita 250) kwa dakika, mpaka bar 8. W-0.36/8 ni lita 360, na ina silinda tatu. Punguza hapo kati ya robo na theluthi, ndiyo hewa utakayoipata kweli. Usipoamini, waambie waiwashe: tazama geji ikipanda kutoka bar 6 hadi bar 8 huku umeshika saa. Zidisha lita za tangi kwa bar zilizoongezeka, gawa kwa sekunde, kisha zidisha kwa 60. Tangi la lita 100 likichukua sekunde 70, ni lita 171 kwa dakika. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika moja amekujibu.

1. Ya mkanda, HP 3, kichwa cha V-0.25/8, tangi la lita 100, fezi moja. Hii ndiyo ya watu wengi. Kichwa cha chuma cha kutupwa kinazunguka polepole, hakichemki haraka, na ringi, vali na gasketi zake zinapatikana karibu kila duka la vipuri vya kompresa. Hewa yake halisi ni karibu lita 170. Ukiifunga nozeli ya mm 2, unapiga kama dakika sita kabla presha haijashuka kutoka bar 8 hadi 5. Ukiifunga ya mm 2.5, hazifiki mbili, kisha unasubiri karibu muda uleule ijae. Kwa hiyo mm 2, na subira.

Umeme wake uangalie. Mota ya HP 3 inavuta karibu kikomo cha plagi ya ampea 13, na wakati wa kuwaka inazidi. Ekstensheni nyembamba ya mita 30 inashusha volti, mota inanguruma bila kuzunguka, kapasita inaungua. Tumia waya wa mm² 2.5, mfupi, na urefu utakaohitajika uongeze kwenye mpira wa hewa. Mpira wenyewe uwe na tundu la mm 10. Ule wa mm 6 unakunywa presha njiani.

2. Ya petroli, HP 6.5, kichwa cha W-0.36/8. Ukifuata kazi kwa mteja, au umeme wako unakatika mara kwa mara, hii inapanda hadi namba moja. Inatoa karibu lita 250, hivyo nozeli ya mm 2.5 inafanya kazi zaidi ya dakika tatu kwa tangi la lita 100. Ina kelele, na isiwashwe ndani ya chumba kwa sababu moshi wake unaua.

3. Ya lita 50, HP 2.5, mota na kichwa vimeungana bila mkanda. Rahisi kubeba, bei nafuu. Inatoa karibu lita 130: dakika moja na nusu ya kupiga kwa nozeli ya mm 2, dakika moja na kidogo ya kujaa. Inafaa kabureta, boliti na vipande vya kutosha kiganjani. Ukiishurutisha rimu nne mfululizo, mota itajizima kwa joto, na huo ni upole wake. Ukiwa nayo tayari, nunua ya pili kama hiyo uziunganishe kwa kiungo cha T. Kila moja iwe kwenye laini yake ya umeme.

4. Zisizotumia mafuta, za kimya. Nzuri kwa kazi ya ndani yenye mapumziko mengi. Ringi zake huisha mapema kwa kazi ya mfululizo.

Ya fezi tatu usiinunue kama fezi tatu huna. Na tangi lililochomelewa kutoka mtungi wa gesi, lenye kompresa ya friji, bila vali ya usalama, usilisogelee hata kwa zawadi.

Bakiza pesa za kuondoa maji kwenye hewa. Pwani, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji kila mita ya ujazo. Ukibana lita 300 kwa dakika, saa moja inakuachia karibu theluthi ya lita ya maji, na mchanga uliolowa unaganda kwenye bunduki. Kichujio cha maji ukikifunga pale pale kwenye kompresa hakisaidii sana, kwani hewa bado ni ya moto na maji bado ni mvuke. Pitisha hewa kwanza kwenye mita 10 za bomba la shaba lililokunjwa ndani ya ndoo ya maji, ndipo kichujio kifuate. Tangi limwage kila ukimaliza.

Mchanga wa mto au wa bahari usitumie. Vumbi lake la silika huharibu mapafu yasipone tena, na wa bahari unaacha chumvi inayorudisha kutu chini ya rangi. Badala yake tafuta punje za kupigia za ganeti au oksidi ya alumini, vaa barakoa ya chujio la P3, la kuzuia vumbi laini (ya kitambaa haizuii kitu), na kompresa iweke upande upepo unakotoka, isije ikavuta vumbi hilo na kukwaruza silinda zake.