Secondhand Spirits: mchawi anayeuza mitumba

Nauza magauni ya mitumba soko la Memorial, Moshi, mwaka wa 11 huu. Kitabu hiki nilikitoa ndani ya mkoba wa kahawia, na mkoba ulitoka kwenye robota nililofungua mwezi wa nne. Kona nyingi za kurasa zilikuwa zimekunjwa, na ukurasa mmoja una alama ya rangi ya mdomo, nyekundu iliyoiva. Nilisoma maneno ya nyuma ya jalada nikiwa nimesimama: mwanamke mchawi, ana duka la nguo za zamani. Nikavuta kigoda nikakaa.

Ni riwaya ya Juliet Blackwell, na ilitoka mwaka 2009. Mchawi mwenyewe, Lily Ivory, amezaliwa na uwezo wake. Alilelewa Texas na bibi yake, Graciela, ndiye aliyemfundisha dawa. Sasa amefungua duka San Francisco, mtaa wa Haight-Ashbury, ule uliojaa mahipi, vijana wa nywele ndefu, mwaka 1967. Duka linaitwa Aunt Cora's Closet.

Lililonishika ni jinsi Lily anavyogusa nguo. Akipitisha mkono kwenye gauni anahisi hali ya aliyelivaa: furaha, hofu, majonzi. Mimi si mchawi, lakini jamani, nani kati yetu wa mitumba hajawahi kusimama ghafla katikati ya robota? Ukikata kamba ile harufu inakupiga usoni, unaanza kupanga, halafu unakutana na kigauni cha mtoto chenye jina lililoshonwa kwa uzi wa buluu ndani ya kola. Herufi zimepinda kidogo, za mtu aliyeshona usiku. Nilikuwa nacho kimoja mwaka juzi. Nilikipiga pasi, nikakitundika, wateja wakakiulizia, na kila mara nikasema kimeshalipiwa. Sikuwahi kupata maneno ya kueleza kwa nini. Lily aliponiambia kuwa nguo inabeba mtu, niliweka kitabu mapajani nikanyamaza kwanza.

Neno lenyewe, mchawi, lilinipa shida mwanzoni. Kwetu mchawi hana upande mzuri. Anayetibu tunamwita mganga. Na hili si jambo la kuchezea, maana kule Kanda ya Ziwa kuna vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa miaka ya kupikia kuni. Nilidhani mwandishi atalipita juu juu. Hakulipita. Lily aliondoka mji wao akiwa binti mdogo kwa vile watu walimwogopa, na tangu hapo amehama nchi hadi nchi. Kufungua duka ni mara yake ya kwanza kuthubutu kukaa mahali na kuwa na majirani. Ndiyo maana kila mtu akiingia pale dukani, moyo wangu ulikuwa juu: huyu atamkubali au atamkimbia?

Kisa chenyewe kinaanza anapokwenda kununua nguo kwa bibi mmoja mzee, Frances, mwenye kabati la magauni ya miaka mingi. Bibi anafariki, na mtoto wa mtaa ule anapotea. Lily anashuku La Llorona, mwanamke wa masimulizi ya Mexico aliyewazamisha wanawe majini na sasa anatembea kandokando ya maji akilia na kuchukua watoto wa watu. Nilikulia karibu na mto Karanga. Jua likizama bibi yangu hakutaka kutuona ukingoni, na alikuwa na zimwi lake la kututishia, kwa hiyo kurasa zile nilizisoma mlango ukiwa umefungwa. Zaidi ya hapo sisemi.

Msiogope lakini. Huu ni upelelezi wa upole, damu haimwagwi mbele ya macho yako, na katikati ya hofu kuna Oscar. Huyu ni kiumbe mdogo mwenye sura mbaya kabisa, mlafi, na wageni wakija anajigeuza kinguruwe cha kufugwa. Niliwasimulia wenzangu hapa sokoni habari zake siku ya mvua isiyo na wateja, tukacheka mpaka mama wa viatu akafuta machozi kwa kanga.

Nina lawama moja. Kuna Max, mwandishi wa habari asiyeamini uchawi, na kuna Aidan, mchawi mwenzake Lily, mwenye mvuto, na mambo ya hawa wawili yanakula kurasa ambazo ningependa zibaki kwa bibi Frances. Alikufa mapema mno. Nilitaka kujua magauni yale aliyavaa wapi, na nani alimwona akiwa ameyavaa.

Kiingereza chake ni chepesi. Niliishia kidato cha nne, na maneno yaliyonikwamisha niliyatafuta kwenye simu. Siku nne nilikimaliza, nikisoma asubuhi kabla wateja hawajachanganya.

Kitabu cha pili cha mfululizo huu kinaitwa A Cast-Off Coven, na mpwa wangu aliyeko Arusha ameahidi kunitafutia. Hiki nimemwazima mama wa viatu. Jana nilichungulia mezani kwake nikaona ameshakunja kona ya kwake, mbele kidogo ya ile alama ya rangi ya mdomo.