Plasta za silikoni kwa ngozi ya mgonjwa wa baridi yabisi: bei inauma ila zinafaa

Jamani wenye wagonjwa wa baridi yabisi nyumbani, hizi plasta za silikoni zenye sponji katikati bi mkubwa wangu anazitumia kwenye kidonda cha mguu na kelele za kufunga kidonda zimepungua sana. Prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, katumia miaka, ngozi imekuwa nyembamba ukiigusa na kucha tu inachubuka, sasa pata picha ile plasta ya kawaida ukiibandua inaondoka na ngozi, gozi nayo imekaukia kwenye kidonda unailowesha na maji ya chumvi huku yeye kang'ang'ania godoro.

Hizi unainua kona moja unavuta taratibu, inatoka. Ukitaka kuchungulia tu unairudishia ileile. Sponji inanyonya majimaji kwahiyo tunaiacha siku kadhaa, doa likikaribia ukingoni ndo tunabadilisha. Plasta nyingine iko kiwikoni juu ya kinundu, yaani uvimbe mgumu chini ya ngozi unaoletwa na ugonjwa huu, sio kwamba kinundu kitaisha, ni kwa vile anapenda kuegemea meza na pale panasuguka. By the way hivyo vinundu methotreksati yenyewe, dawa ya baridi yabisi, inaweza kuviongeza, ukiona vinazidi mwambie daktari, usiache dawa kienyeji.

Kasoro sasa. Bei, weee! Moja inakula hela ya gozi za kutosha, afu ukiona imeandikwa 10 kwa 10 ujue wamepima na kingo, sponji yenyewe ni ndogo, pima kidonda kwanza. Ukipaka mafuta pembeni haishiki kabisa, na joto la Dar hili jasho linaachanisha kingo hasa mguuni.

Na muuzaji asikudanganye inatibu. Kwa hawa wagonjwa kidonda kinaweza kutokana na mishipa ya damu kuvimba kwa ugonjwa wenyewe, hapo ubandike hata dhahabu hakifungi mpaka daktari abadilishe dawa za ndani. Cha wa kwetu kilianza kukauka baada ya dawa kurekebishwa, plasta ilisaidia tu kisitoneshwe. Na wale wa "mfunge bandeji ya kubana", hapana, mpaka apimwe presha ya kifundoni, damu kama haishuki vizuri kubana kunaharibu mguu.

Nazipa nyota nne, moja nimeibakiza kwa ajili ya bei. Maduka mengine ya dawa yanauza mojamoja, nunua moja ujaribu, ila hakikisha pakiti haijafunguliwa.