Hosteli ya mbwa njia ya Bagamoyo: malazi mazuri, simu ya video hapana

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 25,000 kwa usiku, chakula humohumo. Kuogeshwa ni 15,000 zaidi, na ukitaka waje wamchukue nyumbani mnaelewana kulingana na umbali. Babu, mlinzi wetu, aliposikia hiyo bei aliuliza kama wanapokea na watu.

Jina la mahali silitaji, kwa sababu nina lawama na sipendi kumharibia mtu riziki kwa mambo anayoweza kuyarekebisha. Ni ile njia ya Bagamoyo, unaingia ndani kidogo kwa vumbi, geti la kijani. Wenye mbwa upande huu mtakuwa mmeshapajua.

Kwa kawaida hatuhitaji hosteli. Tukisafiri, Babu yupo. Safari hii harusi ya mdogo wangu Tanga iliangukia likizo ya Babu kwenda kwao Kondoa, na jirani aliyejitolea kumwekea mbwa wetu Jimi maji anamwogopa kiasi cha kurusha chupa juu ya ukuta.

Jimi ni chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, sikio moja limesimama, jingine limelala. Unga nanunua mimi, dagaa mimi, daktari wa mifugo namlipa mimi. Lakini mwenye mbwa ni Babu. Nikirudi kazini Jimi anatikisa mkia mara mbili tatu, kama karani anayegonga muhuri, kisha anarudi kulala. Babu akienda dukani kununua vocha tu, anaporudi ni vifijo na mayowe mtaa mzima. Zamani nilikuwa naona wivu. Siku hizi nimezoea.

Shangazi yangu wa Tanga haingii getini mpaka Jimi afungwe, na akishaketi ananikumbusha habari ya kuosha chombo kilicholambwa na mbwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Namwitikia, ni kweli. Jimi haingii ndani, ni mbwa wa ulinzi, na vyombo vyake vina bomba lao la nje. Ila ikifika Ijumaa tukisoma Suratul Kahf ya Qurani pamoja, yumo mbwa humo, amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni mwa pango walimolala wale vijana waumini. Hapo shangazi hunyamaza, akafungua ukurasa unaofuata.

Sasa hosteli yenyewe. Fomu yao ndiyo iliyonifanya niwaamini. Kabla ya kuuliza uzito au aina ya mbwa, wanauliza: nani anamlisha? Na chini yake: leteni nguo ya mtu huyo, aliyoivaa, isiyofuliwa. Nikaandika Babu, nikampelekea kijana wa pale fulana ya Babu ya usiku, imepauka, inanuka ugoro na moshi wa mkaa kwa pamoja. Kijana aliipokea kwa mikono miwili bila kukunja uso, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga fundo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, mbwa mgeni usiku wa kwanza anatafuta harufu ya mtu wake. Blanketi jipya halimsaidii kitu."

Yuko sahihi, na si kwa mazoea tu. Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, kule Atlanta, waliwafundisha mbwa 12 kulala kimya ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakawanusisha harufu za watu na za mbwa, wanaowafahamu na wasiowafahamu, na harufu zao wenyewe. Ile sehemu ya ubongo inayotarajia jambo jema iliitikia zaidi harufu ya mtu wanayemfahamu, kuliko hata ya mbwa wanayeishi naye. Na mtu mwenye harufu hiyo siye aliyekuwa nao kwenye mashine.

Usiku huo kijana alinitumia video. Jimi alikuwa amekataa kula tangu mchana, anazunguka chumba na ulimi nje. Fulana ikawekwa juu ya chaga. Akainusa pindo, akainusa shingo, akaisukuma kwa pua mpaka kwapa likatokeza juu, akalaza kidevu hapohapo. Hakuondoka tena. Baadaye kidogo bakuli likavutwa karibu naye, akala akiwa amelala, bila kuliachia kwapa la Babu.

Vyumba ni vya zege, sakafu imewekewa mteremko ili maji yatoke, na juu ya bati wameezeka makuti, kwa hiyo hata saa nane mchana mtu unaweza kukaa humo. Kadi ya chanjo wanaikagua kwelikweli: kichaa cha mbwa iwe ya ndani ya mwaka, na ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, pia. Baba mmoja aliyekuja na gari kubwa na mbwa mkubwa zaidi alirudishwa mbele yangu kwa kukosa kadi, na maneno yake yote makali hayakumsaidia. Kisha wanatafuta kupe, ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu, ambako wengi hatuangalii. Chakula ni ugali wa dona na dagaa au vichwa vya kuku vilivyochemshwa. Ukitaka chakula cha paketi, unaleta mwenyewe.

Lawama yangu kubwa ni simu ya video. Wanaitoa kama zawadi kwa mteja: jioni wanakupigia umwone mbwa wako. Waliponipigia mimi, nikamuunganisha Babu aliyekuwa Kondoa. Babu akapiga ule mluzi wake wa jioni. Jimi akainuka, akaangalia simu, akaangalia nyuma ya simu, akaangalia nyuma ya kijana. Halafu akatoka mbio mpaka getini, akakaa kitako akitazama njia. Walimletea vichwa vya kuku palepale getini, havikuguswa. Walipofunga saa tatu usiku ilibidi wambebe. Kijana alinieleza haya kwa sauti ya mtu aliyeshayaona kwa mbwa wengine. Basi kama mnayaona, iondoeni hiyo huduma! Anayefurahi ni mteja peke yake. Mbwa anasikia mtu wake yupo, anamtafuta, hamwoni.

Hapa wabishi wataniambia mbwa anafuata tumbo, tusimpambe. Hoja hiyo ni ya zamani. Yule mbwa Hachikō wa Tokyo, aliyemngoja bwana wake Profesa Ueno kituo cha treni cha Shibuya tangu profesa alipofariki Mei 1925 hadi yeye mwenyewe alipokufa Machi 1935, alipopasuliwa alikutwa na vijiti vya mishikaki ya kuku tumboni. Wakasema, ahaa, alikuwa akifuata mishikaki ya pale kituoni. (Vijiti havikumuua, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walieleza mwaka 2011 kwamba alikuwa na saratani na minyoo ya moyo.) Sawa, alikula. Nani akae kituoni karibu miaka kumi asile? Lakini mbwa huyo alikuwa na pa kula: aliyekuwa mtunza bustani wa profesa alimchukua na kumlisha nyumbani kwake, na bado alikwenda kituoni. Jimi naye alikuwa na vichwa vya kuku mbele ya pua. Wenye hoja ya tumbo wanieleze hivyo vichwa.

Mengine ni madogo. Mfereji wa upande wa nyuma unanuka, uwekewe mfuniko. Gari lao la kuchukulia mbwa limefunikwa turubai pande zote, na kwa joto la Dar mimi simpakii mnyama humo. Nilimpeleka na kumchukua mwenyewe. Na kuogeshwa siku ya kuondoka sitalipia tena. Jimi alirudi ananukia marashi ya saluni, na Babu, ambaye alikuwa ameshafika na anamsubiri kwa hamu, alimwogesha upya kwa sabuni ya mche kabla hata ya kufungua begi lake. Fulana ilirudi ikiwa haijafuliwa, kama walivyoahidi. Ina tundu jipya, Babu hajali.

Kwa mbwa aliyezoea mtu mmoja, kwangu mimi hapa ndipo pa kumpeleka. Kwa mbwa mkali kwa mbwa wenzake sipashauri, kwa sababu uwanja wa kukimbilia ni mmoja na wanatolewa kwa makundi. Idi na Krismasi nafasi zinakwisha mapema, pigeni wiki mbili kabla, na mkiulizwa kuhusu simu ya video semeni mnataka picha tu.