Ile si harufu ya historia, ni saruji: usiku mmoja Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Kipande cha lipu kikubwa kama sahani ya wali kiliangukia mto wa pili, ule ambao kwa bahati njema haukuwa na kichwa cha mtu. Ilikuwa kama saa nane usiku, mwishoni mwa masika. Nikawasha taa. Ukuta ulikuwa unameremeta kama papa aliyetiwa chumvi. Harufu ilikuwepo tangu jioni, ile ya kanga mbichi iliyosahauliwa ndooni siku tatu, nikaivumilia. Lipu kitandani sikuivumilia, nikaenda mapokezi ya nyumba ile ya wageni.

Kijana wa zamu hakuinua macho kwenye simu. "Kaka, hii nyumba ina zaidi ya miaka mia. Hiyo ni harufu ya historia. Wazungu wanaipenda."

Bei, idadi ya vyumba na picha za vitanda vya Kizanzibari mtazikuta kwenye tangazo lao. Mimi naandika kwa ajili ya sentensi ile tu, kwa sababu ni uongo, na uongo wenyewe unawasingizia wazee waliojenga nyumba ile.

Aliyeniokoa ni mzee mlinzi. Nilimwamkia, akaitikia, akachukua begi langu bila maelezo marefu, akanipandisha ghorofani kwenye chumba ambacho "bado hakijakarabatiwa". Taa moja ya waya, godoro sakafuni, chandarua kimefungwa kwenye boriti. Ukuta wake umechubuka, chokaa inatoka unga ukiugusa, rangi ya buluu ya zamani imebaki mabaka mabaka. Nikalaza kiganja ukutani: mkavu. Nikanusa: hakuna kitu. Nyumba moja, umri mmoja, mvua zilezile. Chumba cha laki na nusu kinaoza, na cha bure ni kikavu. Mtu ataniambia cha juu kiko mbali na ardhi, na ni kweli, hilo linasaidia. Lakini asubuhi nilishuka nikatazama stoo ya chini, iliyopakana ukuta na kile chumba changu, nayo haijaguswa na fundi. Imelowa kidogo hadi magotini, basi, na hainuki.

Tofauti ni lipu.

Nyumba za kale za pwani yetu, awe aliyejenga ni Mwarabu, Mhindi au Mjerumani, kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake boriti za mikoko. Ukuta una unene wa nusu mita, mara nyingine zaidi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haina urefu wa kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Sasa jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Linavuta maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Chokaa nayo ina vitundu. Maji yaliyopanda yanatokea usoni pa ukuta, upepo wa bahari unayapangusa, yamekwisha. Ukuta ule haujawahi kuwa mkavu kabisa tangu ujengwe, wala haukuhitaji. Ulihitaji kupumua tu.

Ukiupiga lipu ya saruji umeufunga pua na mdomo. Maji hayaachi kupanda kwa sababu fundi amechoka nayo. Yakikosa pa kutokea chini yanatafuta juu zaidi. Ndiyo maana unyevu wa chumba changu ulifika kifuani wakati wa stoo ya jirani umekomea magotini. Halafu kuna chumvi. Bagamoyo maji ya ardhini yana chumvi, hewa ina chumvi, na bila shaka mchanga waliochanganyia ulitoka ufukweni palepale, maana ni wa bure. Maji yakikauka chumvi inabaki. Kwenye chokaa inatokea juu kama unga, unaifagia kwa brashi. Nyuma ya saruji haina pa kutokea, punje zinakua gizani, zinasukuma, na saruji kwa kuwa ni ngumu haikubali kulika kidogo kidogo. Inavumilia, inavumilia, siku moja inaachia pande zima. Juu ya mto wa mgeni.

Halafu wakapaka rangi ya plastiki inayong'aa juu yake. Na kiyoyozi. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule. Kila ukikatika, mgeni anafungua dirisha, hewa ya moto yenye unyevu wa bahari inaingia na kukutana na ukuta uliopozwa, ukuta unatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Chumba cha wazee chenye dari ya juu na madirisha mawili yanayotazamana hakikuhitaji mashine ile. Lakini dirisha moja wameliziba kwa tofali ili wapate pa kuegemeza kabati. Jamani!

Asubuhi nilizunguka nje. Mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi umeachwa unadondoka kwenye msingi, hasa chini ya kile chumba. Paa la bati halina mfereji wala gata, maji ya masika yanapiga chini na kurukia ukutani. Na uwanja mzima, ambao zamani ulikuwa mchanga mtupu, umepangwa pevingi hadi kugusa nyumba. Zamani maji ya ardhini yalitokea kwenye mchanga. Sasa uwanja umezibwa, njia iliyobaki ni ukuta. Meneja nilimwonyesha hayo yote kwa kidole. Akasema wametumia fedha nyingi kukarabati. Namwamini kabisa! Hapo ndipo uchungu ulipo: wasingetumia hata senti, nyumba ingekuwa na nafuu.

Akaniuliza, kwa kejeli kidogo, mimi ningefanyaje. Nilimjibu, nami nawaandikia hapa, huenda yuko mwenye nyumba kama ile anayesoma.

Kwanza maji ya nje: mpira wa kiyoyozi upelekwe mbali, paa liwekwe gata, pevingi zing'olewe upana wa nusu mita kuzunguka nyumba na pajazwe kokoto. Bila hilo usiguse ndani, utapoteza pesa. Kisha bandua saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Kwangua viungo vya mawe kama sentimita mbili. Chumvi ifagiliwe kavu kwa brashi ngumu na itolewe nje. Ukiiosha kwa maji umeirudisha ndani. Halafu uache ukuta wazi. Hapa ndipo wenye nyumba wanaposhindwa, kwa sababu chumba hakiingizi hela. Ukuta wa nusu mita haukauki kwa wiki, unataka kiangazi kizima kwa uchache.

Lipu iwe chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, mchanga wa mtoni uliooshwa. Chokaa ilowekwe mapema. Ikikaa miezi mitatu chini ya maji inalainika kama siagi na haitapasuka ukutani. Kwa anayeanza na mawe yaliyochomwa mwenyewe, aangalie macho: jiwe lililotoka tanurini likimwagiwa maji linachemka kweli na kuruka. Piga tabaka la kwanza lisilozidi sentimita moja, likwaruze kwa misumari, subiri wiki, piga la pili, kisha umalizie kwa jembamba. Kila tabaka lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa haigandi kwa kukauka bali kwa kuvuta hewa taratibu, na jua la pwani likiiwahi inapasuka kama tope la mbugani. Mwisho chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, ukuta ukiloweshwa kabla ya kila mkono. Hakuna rangi ya plastiki.

Kwa ukuta wa mita nne uliobanduliwa hadi mita moja na nusu, lipu ya sentimita mbili inataka ndoo sita za mchanga za lita ishirini na ndoo mbili za chokaa iliyolowekwa. Nina shaka kama vifaa hivyo vinazidi nilicholipia usiku ule. Na tafadhali, chokaa ya mawe ya nchi kavu inauzwa, hakuna haja ya kwenda kuvunja matumbawe hai baharini.

Meneja alisikiliza mpaka kwenye pevingi, simu yake ikaita.

Sasa lingine dogo, ila linanikera. Ukutani wameandika kwamba nyumba ni "ya Mjerumani". Mlango wake ni ule wa kukunjwa wenye vibao vidogo vya mraba, wa Kihindi hasa, na mbele kuna baraza la duka. Mjerumani huenda alikuwa mpangaji. Nyumba ni ya mfanyabiashara, kama nyingi za Mtaa wa India. Ukitaka Mjerumani nenda Boma, lile la 1897, au mnara wa Dunda wa 1889 waliojenga wakati wa vita vya Bushiri. Hata wao walitumia mawe yetu na chokaa yetu, ila baadhi ya majengo yao waliweka mihimili ya chuma, na chuma karibu na bahari kinapata kutu, kinavimba, kinapasua dari kutokea ndani. Boriti ya mkoko haina tabia hiyo. Yenyewe adui yake ni mchwa na paa linalovuja.

Mji wenyewe? Sina neno baya. Nyumba hizi zipo kwa sababu mji ulinyimwa: 1891 makao makuu ya Wajerumani yakahamia Dar es Salaam, baadaye reli ya kati ikaanzia huko huko, na Bagamoyo ikakosa fedha ya kubomoa na kujenga upya. Umaskini umehifadhi kuliko wahifadhi. Tembea asubuhi mapema kutoka Boma hadi forodhani, ukute mnada wa samaki, kisha uende Misheni iliyoanzishwa 1868, ambako mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama, ule ulioupokea mwili wa Livingstone Februari 1874. Magofu ya Kaole yako kilomita tano kusini. Nenda na bodaboda, rudi kwa miguu ukiweza. Kutoka Dar ni kilomita 70 hivi, hakuna kisingizio.

Na hapa ndipo hukumu yangu inapolegea, maana nilianza kuandika nikiwa nimeshaweka nyota moja. Alfajiri nilifungua madirisha ya kile chumba cha bure. Adhana imekwisha, majahazi yanarudi, upepo unaingia upande huu na kutokea upande ule, chandarua kinacheza. Nilikuwa nimelala usingizi ambao sijaupata kwenye hoteli yoyote yenye kiyoyozi. Bibi wa jikoni akaleta chai ya tangawizi, chapati na mbaazi za nazi, akaniambia "pole, mwanangu, nimesikia yaliyokukuta", pole pekee niliyopata nyumba nzima. Kwa chumba kile natoa nyota tano, na ningelipa hiyo laki na nusu nikirudishiwa chenji ya heshima. Kwa chumba cha chini sitoi hata nusu.

Kwa hiyo ukienda, pale au nyumba yoyote ya kale, usilipe kabla ya kufanya haya. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu: ukisikia tupu kama nazi kavu, lipu imeshaachia. Pangusa kwa kidole, lamba. Unga usio na ladha ni chokaa tu, haina neno, ukiwa na chumvi kali omba chumba kingine. Fungua kabati unuse kabla ya kunusa chumba, kwa sababu chumbani wamepuliza manukato. Angalia sakafu chini ya boriti kama kuna vumbi jipya la mbao. Omba ghorofani, upande wa bahari, penye madirisha mawili. Na usiogope ukuta uliochubuka. Uogope ule laini unaong'aa.

Niliporudi mapokezi kudai angalau nusu ya fedha, kijana yuleyule alinipa kadi ya kujaza maoni. Sikujaza. Wakati natoka nikaona chini ya ngazi mifuko ya saruji imepangwa vizuri, imefunikwa turubai isilowe. Nikahesabu minane. Nikamuuliza mzee mlinzi ni ya kazi gani.

"Ya kile chumba ulicholala," akasema. "Wanaanza Jumatatu."