Tathmini ya madaraja ya drag kwa anayeanza: kiingilio chako kinanunua nini?

Anayetaka kuanza mbio za drag, yaani magari mawili kushindana kwenye uwanja mfupi ulionyooka, huuliza kwanza habari za nguvu za farasi: injini ina nguvu ngapi, ifungwe turbo gani. Fundi atamjibu kwa furaha, maana jibu lenyewe lina bei. Lakini kinachommaliza mgeni pesa na hamu ni daraja, yaani kundi la mashindano, alilochagua. Hapa tunayapima madaraja yaliyo wazi kwa mtu asiye na mdhamini kama mteja anavyopima huduma: ukishatoa kiingilio, unapata mizunguko mingapi (kukimbia uwanja mara moja ni mzunguko mmoja), unajifunza nini, na gari linarudi nyumbani likiwa zima?

Usiku wa majaribio

Hili si daraja. Ni siku uwanja unapofunguliwa kwa yeyote kukimbia bila kushindania kitu, na ndipo pa kuanzia hata kwa mwenye gari linalomaliza uwanja kwa sekunde 11. Kila ukimaliza unapewa karatasi ya muda, na karatasi hiyo ndiyo bidhaa uliyolipia. Kasoro ni foleni. Watu wakijaa, unasubiri muda mrefu ili ukimbie robo maili, yaani mita 402, huku injini ikitokota chini ya boneti. Zima injini, fungua boneti, na foleni ikisogea kidogo sukuma gari kwa mkono.

Kwenye ukaguzi, magari hukataliwa kwa vitu vya kipuuzi: betri iliyofungwa kwa kamba ya mpira badala ya chuma chake, oili inayovuja, nati za tairi zilizolegea. Ng'oa vifuniko vya rimu ili nati zionekane. Toa kila kitu kwenye buti na chini ya viti. Chupa ya maji ikibiringika mpaka chini ya pedali ya breki mwisho wa uwanja, hakuna la kufanya. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu.

Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani kilichoanzishwa 1951, helmeti yenye stika ya Snell, taasisi inayopima usalama wa helmeti, ni lazima kwa gari la sekunde 13.99 au chini yake kwenye robo maili. Ukifika 11.49 unaingia kwenye rolba, yaani bomba la chuma la kumlinda dereva gari likipinduka, ingawa magari ya kiwandani ya miaka ya karibuni yamelegezewa. Ukifika 9.99 vinakuja kizimba cha vyuma na leseni ya mashindano. Kwa hiyo gari la sekunde 14 au 15 lina faida ambayo wengi hawaioni: sheria hizo hazilidai kitu.

Kabla ya kufika mstarini zima AC. Maji yake hudondoka pale pale tairi zinapotakiwa kushika, na wanaokufuata watakulaani. Kama tairi zako ni za barabarani, zunguka dimbwi la kuchomea tairi, lile la maji ambapo tairi huzungushwa ili zipate joto, usilipite katikati. Mifereji ya tairi hubeba maji hadi kwenye mstari, kisha unaserereka na kudhani klachi imekwisha. Dimbwi ni la wenye tairi za mbio: kipara (zisizo na mifereji) na radial za drag.

Sasa taa, zile za mlingoti ulio mbele ya mstari: ndogo za juu, njano tatu, kijani na nyekundu. Sogea taratibu mpaka taa ndogo za juu ziwake. Zaidi ya hapo kuna inchi 7 tu, kama sentimita 18, ndipo jozi ya pili iwake. Ikiwaka, simama hapo hapo. Ukisogea zaidi mpaka ya juu izimike, mwitikio wako, yaani wepesi wako wa kuondoka kwa taa, utaonekana wa haraka, ila muda wa kukimbia utakuwa mrefu kidogo na taa nyekundu ya kuondoka mapema itakuwa karibu zaidi. Mgeni asiguse mchezo huo.

Jambo linalowachanganya karibu wote ni kwamba saa ya muda wako haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza tairi ya mbele inapouacha mwali wa mwanga unaopita mstarini. Unaweza kusinzia sekunde tatu kwenye kijani na bado karatasi ikaandika 14.20 ile ile. Usingizi wako utaandikwa pembeni, kwenye safu ya mwitikio. Tumia usiku huu kuzoea kuondoka kwa njano ya tatu. Njano zinafuatana kwa nusu sekunde, na kijani huja nusu sekunde baada ya ile ya mwisho. Anayesubiri kijani akione kwa macho ameshachelewa.

Braketi bila vifaa vya umeme

Hili ndilo daraja tunalolipendekeza, na hatuoni haja ya kuzungukazunguka. Unajitangazia muda utakaokimbia na kuuandika kwenye kioo. Mwenye gari la polepole anaondoka kwanza kwa tofauti ya nyakati zenu. Ukikimbia chini ya muda uliojitangazia, umeuvunja na umepoteza. Mkiuvunja wote wawili, anashinda aliyeuvunja kwa kiasi kidogo. Taa nyekundu ni kosa kubwa kuliko kuvunja muda, na kuvuka mstari wa kati ni kubwa kuliko yote.

Tazama mfano. Gari la kwanza limetangaza 14.20, la pili 12.70, kwa hiyo la kwanza linatangulia sekunde 1.50. La kwanza linaitikia kwa 0.085 na kukimbia 14.23, limekosa muda wake kwa 0.03, jumla 0.115. La pili linaitikia kwa 0.040 na kukimbia 12.76, jumla 0.100. Mwenye jumla ndogo ndiye anayefika kwanza, kwa hiyo la pili linashinda kwa 0.015. Kwa mwendo wa kilomita 156 kwa saa, hizo ni kama sentimita 65, haifiki hata robo ya urefu wa gari. Na wala si injini iliyoamua: dereva wa kwanza angeitikia kwa 0.069, kikombe kingekuwa chake, na gari lile lile la sekunde 14.

Udhaifu wa daraja hili ni kwamba linachosha asiyependa hesabu. Jua likizama hewa inapoa, injini inapumua vizuri, na gari la 14.20 mchana linakuwa la 14.10 usiku. Anayeacha namba ya mchana kwenye kioo anatolewa na gari lake mwenyewe. Vilevile unatolewa ukipoteza mara moja, kwa hiyo mizunguko ni michache kuliko usiku wa majaribio. Mwenye otomatiki ana nafuu kubwa hapa, kwa kuwa gari linarudia muda wake. Mwenye manyuali akichelewa gia ya pili kidogo tu, hesabu yote imeharibika.

Braketi yenye vifaa

Huku wanaruhusu transibreki, kifaa kinachoshikilia giaboksi gari lisisogee, na kisanduku cha kuchelewesha: dereva anaachia kitufe kwa njano ya kwanza, kisanduku kinahesabu, gari linaondoka lenyewe. Kwa NHRA ndiyo Super Pro. Mashindano ni mazuri sana na madereva ni wakali, lakini mgeni atanunua kifaa cha kuficha udhaifu asioujua bado. Lipite kwa sasa.

Indeksi

Hapa muda umepangwa na daraja lenyewe. Super Street ni 10.90, Super Gas 9.90, Super Comp 8.90, na njano zote tatu huwaka pamoja, kijani ikifuata baada ya 0.400. Hakuna kutangaza, hakuna kutanguliana. Ni daraja safi, lakini gari la 10.90 tayari lina mambo ya rolba na tairi, na wengi hufunga kifaa cha kupunguza nguvu ya injini katikati ya mbio ili wagonge namba ile ile. Uwanja ukiwa na indeksi yake ya polepole, 13 au 14, hapo tunabadili maneno: ijaribu.

Kuondoka pamoja, wa kwanza ndiye mshindi

Ndiyo drag watu wanayoiwazia, na ndiyo inayofilisi. Kila aliyekuzidi fedha amekuzidi mwendo, na dawa ya kushindwa ni kununua. Ukiongeza nguvu bila kuongeza ushikaji, tairi zinaserereka. Ukifunga tairi zinazoshika, mzigo unahamia kwenye klachi, propela na akseli, na kimojawapo kinakatika mstarini. Ukipenda kuingia, anza na daraja lenye mipaka ya aina ya tairi na uzito wa gari.

Pesa ya kwanza iende wapi

Geji nzuri ya upepo wa tairi, spana ya kukazia nati kwa kipimo, na helmeti. Turbo haimo. Kisha fuatilia namba moja ya karatasi: muda wa futi 60 za kwanza. Ukipunguza sekunde 0.1 hapo, mwisho wa robo maili unaweza kupata 0.15 au zaidi, bila kugusa injini. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, shusha upepo wa nyuma 2 psi kila mzunguko bila kugusa wa mbele. Muda wa futi 60 ukianza kuongezeka, umepita kipimo, rudisha 2. Usishuke chini ya kiwango cha mtengenezaji wa tairi, na jaza upepo kabla ya kushika barabara ya kwenda nyumbani, maana tairi iliyolegea hupata joto kwenye lami ndefu na kupasuka.

Kila mzunguko uandikwe: saa, joto la hewa, upepo wa tairi, ersiemu (mizunguko ya injini kwa dakika) za kuondokea, mwitikio, futi 60, muda wa mwisho. Ukifikisha mizunguko ishirini, na ile mitatu ya mwisho ikawa ndani ya sekunde 0.05, ingia braketi.